Mpapai dume: namna ya kuutambua mapema, wakati wa kuuondoa na idadi ya kubakiza

Mwanzisha uzi (Simbo, Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mvua za kwanza hazipo mbali, na huu ndio wakati ambao wengi wetu hapa Kigoma na jirani zetu wa Tabora tunaandaa vitalu vya mipapai. Ifikapo Machi au Aprili malalamiko huwa ni yale yale: mtu amepanda shamba zima kwa mbegu alizozitoa kwenye papai tamu la sokoni, ametia samadi, amepalilia kwa wakati, mipapai imestawi, kisha karibu nusu yake inatoa vishada virefu vya maua yanayoning'inia na kupukutika bila kuacha tunda. Naomba tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu hasara nyingi ninazoziona zinatokana na mazoea mawili, yaani kung'oa miche kitaluni kwa kufuata dalili zisizo na msingi, na kupanda mche mmoja katika kila shimo kana kwamba jinsia yake inajulikana.

Mpapai una jinsia tatu, wala si mbili kama wengi wanavyodhani. Upo mpapai dume, upo mpapai jike, na upo mpapai wenye jinsia mbili, ambao ua lake moja lina chavua, yaani unga wa kiume, na lina ovari, yaani kifuko kinachokuwa tunda. Jinsia hiyo imeshaamuliwa ndani ya mbegu kabla hata hujaifukia. Mwaka 1938 wanasayansi wawili, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa kazi yake, walichapisha maelezo ya namna jinsia hii inavyorithiwa, na hesabu zao ndizo zinazotumika mpaka leo. Jike likichavushwa na dume, nusu ya miche itakuwa madume na nusu majike. Jike likichavushwa na mpapai wenye jinsia mbili, nusu itakuwa majike na nusu jinsia mbili, na hakutakuwa na dume hata mmoja. Mpapai wenye jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, theluthi mbili ya miche itakuwa jinsia mbili na theluthi moja majike, tena bila dume. Ukichavushwa na dume, zitatoka jinsia zote tatu kwa mafungu yanayolingana.

Kwa hiyo papai la sokoni linaweza kukusimulia jambo kabla hujalikata. Papai refu lililochongoka kidogo upande wa kikonyo limetoka kwenye mpapai wenye jinsia mbili, na kwa kuwa maua ya mpapai wa namna hiyo mara nyingi hujichavusha kabla hayajafunguka vizuri, mbegu zake zina uwezekano mkubwa wa kukosa madume. Papai la mviringo, lenye uwazi mkubwa ndani, limetoka kwenye jike, na hapo baba wa mbegu humjui. Ikiwa shamba lilikotoka lina madume, tegemea nusu kwa nusu. Mimi nasisitiza kwamba anayetaka kutunza mbegu zake aanzie hapa, kwenye kuchagua tunda, kwa sababu kazi yote inayofuata inakuwa nyepesi au nzito kutokana na uamuzi huo mmoja.

Sasa kuhusu kutambua. Kitaluni hakuna dalili ya macho inayoaminika. Nimesikia kwamba mche wenye mzizi mmoja ulionyooka ni dume na wenye mizizi iliyogawanyika ni jike, kwamba mbegu nyeusi tii ni majike na zilizofifia ni madume, kwamba mche unaorefuka haraka ni dume. Miche huchaguliwa kwa kanuni hizo na uwiano unabaki vilevile. Maabara zinaweza kutambua jinsia kwa kupima vinasaba vya jani la mche mdogo, lakini sisi wenye kitalu cha viriba nyuma ya nyumba tunasubiri ua.

Ua la kwanza hutokea kwa kawaida kati ya mwezi wa nne na wa sita tangu kuotesha, kutegemea joto, maji na aina ya mbegu, na mara nyingi madume hutangulia. Tazama kwapa la jani, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Kwenye dume utaona kijiti chembamba kinachotoka, na ncha yake imebeba matumba madogo mengi yaliyosongamana mfano wa punje za mtama. Siku chache baadaye kijiti hicho hurefuka, hugawanyika, na mwisho huwa kishada kinachoweza kupita sentimita 60. Kwenye jike tumba hukaa karibu kabisa na shina, peke yake au pamoja na mengine mawili, juu ya kikonyo kifupi kinene, na chini yake limevimba. Kwenye mpapai wenye jinsia mbili tumba pia liko karibu na shina kwa kikonyo kifupi, lakini ni refu na jembamba zaidi, halina uvimbe ule wa duara.

Pale ambapo bado una shaka, chuma tumba moja lililokomaa na ulipasue kwa wembe kutoka ncha hadi kitakoni. Ndani ya jike utakuta ovari kubwa ya kijani kibichi iliyofifia, juu yake stigma, yaani sehemu inayopokea chavua, yenye matawi matano yaliyokunjamana, na hakuna kifuko chochote cha chavua. Ndani ya ua lenye jinsia mbili utakuta ovari nyembamba ndefu, na shingoni mwake vifuko vya chavua vya rangi ya manjano vimeizunguka. Ndani ya dume utakuta mrija mwembamba wenye vifuko kumi vya chavua, na katikati kijiti kidogo kisicho na kazi. Ukishapasua tumba moja la kila aina huhitaji tena mtu wa kukuonyesha.

Kuhusu upandaji, tuchukue ekari moja yenye nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5. Hayo ni mashimo yapatayo 640. Ukitumia mbegu za jike na dume na kupanda mche mmoja kila shimo, mashimo 320 hivi yatakuwa ya madume, na utaligundua hilo baada ya kuyahudumia kwa miezi kadhaa. Ukipanda miche mitatu kila shimo, uwezekano wa yote mitatu kuwa madume ni moja ya nane, yaani mashimo kama 80. Ukipanda minne ni moja ya kumi na sita, yaani mashimo kama 40. Shamba la majike linahitaji dume mmoja kwa majike kumi hadi ishirini, kwa hiyo hayo mashimo 40 ya madume matupu, yakiwa yametawanyika yenyewe ndani ya ekari, ndiyo idadi unayoitaka. Gharama ya miche ya ziada ni ndogo sana ikilinganishwa na samadi na maji utakayoyamwaga bure kwenye mashimo 320.

Naomba michango, hususan kutoka kwa walioko Tabora ambako udongo ni wa kichanga na kiangazi ni kikali kuliko huku ziwani.

Mchangiaji (Sikonge, Tabora)

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Huku kwetu wazee wanasema mpapai dume ukipigiliwa msumari shinani, au ukikatwa kichwa, unageuka na kuzaa. Nina jirani ambaye mpapai wake dume ulikatwa kilele na mwaka uliofuata ukatoa mapapai madogo manne kwenye ncha za vishada. Niliyaona kwa macho yangu. Je, hili nalo ni imani tu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ulichokiona ni kweli, ila sababu yake ndiyo yenye mjadala. Jike halibadiliki, litabaki jike maisha yake yote. Dume na mpapai wenye jinsia mbili, kinyume chake, wanaweza kuyumba. Baadhi ya madume, hali ya hewa inapobadilika au baada ya kujeruhiwa, hutoa maua machache yenye ovari kwenye ncha za vishada, na hapo hupatikana mapapai madogo yanayoning'inia kwa kikonyo kirefu. Hata hivyo madume mengi hukatwa kilele na kuendelea kuwa madume, huku mengine yakitoa matunda hayo bila kuguswa na mtu. Matunda hayo huwa machache, na msimu unaofuata yanaweza yasitokee kabisa. Huwezi kujenga biashara juu yake.

Msumari mimi naupinga waziwazi. Shina la mpapai ni laini na mara nyingi lina uwazi ndani, kwa hiyo tundu lolote ni mlango wa maji na wa kuoza, hasa likipigwa katikati ya masika. Wazee wetu walikuwa na mpapai mmoja uani na hawakuwa na cha kupoteza. Mwenye mipapai mia sita ana cha kupoteza.

Mchangiaji (Kasulu)

Naomba kuuliza kuhusu mbegu chotara. Nilinunua Red Lady kwenye pakiti na sikupata dume hata mmoja. Mbegu hizo zina bei kubwa, na nimefikiria kukamua mbegu kwenye matunda niliyovuna ili nizipande msimu huu. Nitapata madume?

Mwanzisha uzi

Dada, Red Lady ni chotara iliyotoka Taiwan, na miche yake huwa ni majike na jinsia mbili. Ukikamua mbegu kwenye matunda yako, na hakuna mpapai dume jirani, hutapata madume, kwa sababu hakuna mzazi aliyebeba udume. Tatizo litakuwa jingine: kizazi cha pili cha chotara hutawanyika, kwa hiyo utapata mpapai mrefu na mfupi, tunda kubwa na dogo, tamu na lisilo na ladha, katika shamba moja. Ukiwa unauza kwa mnunuzi anayetaka papai la aina moja, tofauti hiyo itakuumiza kuliko ambavyo madume yangekuumiza.

Iwapo unataka mbegu ya kutunza mwenyewe mwaka hadi mwaka, tafuta aina iliyotulia. Solo ni mfano mzuri. Ilipelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911, na mashamba yake huko yalijengwa juu ya mipapai yenye jinsia mbili inayojichavusha, ndiyo maana haikuwalazimu kufuga madume. Chagua mpapai wenye jinsia mbili unaoupenda, funika tumba lililokaribia kufunguka kwa mfuko mdogo wa karatasi au kitambaa chepesi, ulifunge kikonyoni bila kukibana, na uondoe mfuko tunda linapoanza kukua. Tia alama kwa uzi. Mbegu za tunda hilo zitakuwa na theluthi mbili jinsia mbili na theluthi moja majike. Hapo ukipanda miche mitatu kwa shimo, uwezekano wa kukosa hata mmoja wenye jinsia mbili ni moja ya ishirini na saba tu.

Mbegu zenyewe zisuguliwe mpaka ule utando wa utelezi uishe wote, kwa sababu unazuia kuota, kisha zikaushwe kivulini. Kuota huchukua kati ya wiki mbili na nne, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Mchangiaji (Urambo, Tabora)

Mimi nina jambo linalonitatiza. Nilikuwa na mipapai ya jinsia mbili iliyozaa vizuri, lakini kuanzia Septemba maua yake yakawa membamba, hayana ovari, yakapukutika yote. Afisa ugani aliyepita aliniambia imegeuka madume, niikate. Nimekata michache, mingine nikaiacha kwa huruma tu.

Mwanzisha uzi

Nashukuru umeiacha, kaka, na naomba wote tulisome swali hili kwa makini kwa sababu hapa ndipo mipapai mizuri hufa bila kosa. Mpapai wenye jinsia mbili ukipata joto kali pamoja na upungufu wa maji na mbolea hutoa maua ambayo ovari yake imedumaa. Ukipasua ua utadhani ni la dume. Kinachoutofautisha ni kikonyo: maua yatabaki karibu na shina kwenye kikonyo kifupi, hayatakuwa na kishada kirefu kinachoning'inia. Septemba na Oktoba huko Tabora ndipo joto linapofikia kilele na udongo wa kichanga umekwisha kukauka, kwa hiyo hali uliyoieleza ndiyo inayotarajiwa. Mwagilia, weka matandazo mazito ya nyasi kuzunguka shina bila kuligusa, ongeza samadi iliyooza, na usubiri mvua. Maua yenye ovari yatarudi.

Kwenye baridi mambo hugeuka upande wa pili. Maeneo ya miinuko, kama Buhigwe na sehemu za Kasulu, wakati wa Juni na Julai baadhi ya vifuko vya chavua hushikamana na ovari, na tunda hutoka limekunjamana, lina mabonde na makovu. Hilo nalo si ugonjwa, na dawa ya dukani haitalitibu. Mwenye shamba eneo la baridi anaweza kuona ni heri abakize majike na madume wachache kuliko jinsia mbili, kwa kuwa jike halitikiswi na mabadiliko hayo.

Mchangiaji (Ujiji)

Shikamoo mzee. Mimi sina shamba, nina mpapai mmoja tu uani na ni jike kwa maelezo yako. Unachanua sana na kuangusha maua yote. Jirani aliyekuwa na mpapai dume ameukata ajenge.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Mpapai wako hauna ugonjwa, umekosa chavua. Mara chache jike huzaa bila kuchavushwa, na tunda huwa halina mbegu, lakini usilitegemee hilo. Njia ya haraka ni kuchavusha kwa mkono. Tafuta mtaani mpapai dume, uombe maua machache yaliyofunguka asubuhi hiyo hiyo, ondoa petali ili vifuko vya chavua vibaki wazi, kisha visugue taratibu juu ya stigma ya ua la jike lililofunguka upya. Ua moja la kike lipewe maua mawili au matatu ya kiume. Ukifanikiwa, ovari itaanza kunenepa badala ya kuwa ya manjano na kudondoka, na tunda litahitaji miezi mitano au sita hivi kuiva. Kwa siku za mbele, panda mpapai wenye jinsia mbili kando yake, nao utajitosheleza na kumtosheleza mwenzake.

Mchangiaji (Nguruka)

Dume mmoja kwa majike ishirini naona ni wachache mno. Mimi nina nyuki, na bado naona majike ya pembeni hayashiki matunda vizuri.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito, na jibu langu ni kwamba mahali walipo madume ni muhimu kuliko idadi yao. Madume wakikusanywa kona moja, hata wakiwa wengi, majike ya upande wa pili yatasota. Watawanye, na upande unakotoka upepo uongeze mmoja au wawili. Kuhusu nyuki, wao huyafuata zaidi maua ya dume kwa sababu ndiyo yenye chavua nyingi, na ua la jike halina cha kuwavutia sana. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba wachavushaji wakubwa wa mipapai ni nondo wale wanene wenye mirija mirefu, wanaoruka wakati wa magharibi jua likishazama, na kwamba mashamba yaliyo karibu na pori la asili hutembelewa nao zaidi. Kwa hiyo kichaka kilichobaki kando ya shamba lako usikifyeke chote, na dawa ya wadudu usipige jioni wakati mipapai inachanua. Ikiwa pori limeisha kabisa eneo lako, basi kweli ongeza madume mpaka mmoja kwa majike kumi.

Mchangiaji (Sikonge, Tabora)

Swali la mwisho kwangu. Katika shimo lenye miche mitatu, nikishaona dume naung'oa au naukata? Na mashimo yaliyobaki na madume matupu kupita idadi ninayohitaji niyafanyeje, ikiwa yamejulikana Mei na mvua imekwisha?

Mwanzisha uzi

Usiung'oe. Miche ikiwa imekaa pamoja kwa miezi mitano mizizi imeshashikana, na ukivuta mmoja unamtikisa yule unayetaka abaki. Ukate usawa wa ardhi kwa kisu kikali, ukiangalia utomvu usikuingie machoni, kisha ufunike kisiki kwa udongo, na kikichipua uondoe machipukizi. Ndiyo maana wakati wa kupanda ni vizuri miche ikae kwa pembetatu, umbali wa sentimita 30 hivi kati ya mmoja na mwingine, isibanane mahali pamoja. Usikate kwa tumba la kwanza la mche mmoja tu. Subiri mpaka miche miwili katika shimo imejionyesha, ndipo uamue. Ukiwa na jike au jinsia mbili zaidi ya mmoja, bakiza wenye shina nene na uliochanua karibu zaidi na ardhi.

Mashimo ya ziada ya madume usiyapandie upya Mei, isipokuwa una maji ya uhakika, kwa sababu mche mchanga kwenye kichanga cha Sikonge hautaimaliza Agosti. Yakate madume hayo Mei hiyo hiyo ili yasiendelee kunywa unyevu wa majirani zao, otesha miche mipya kwenye viriba vikubwa kuanzia Septemba, na uihamishie mvua zikishatulia Novemba, miche minne kila shimo, juu ya tuta lililoinuliwa kidogo, maana mpapai maji yakisimama mizizini kwa siku mbili au tatu tu huanza kufa.